Mshamba ni Nani?

Hapana shaka umepata kulisikia neno "mshamba". Labda ulilisikia siku ya kwanza ya kuingia katika shule ya bweni, mwanafunzi mgeni aliposimama mbele ya bomba la maji asijue kulifungua, wenzake wakaangua kicheko. Labda ulicheka pamoja nao. Au labda mgeni yule alikuwa wewe. Kicheko hupita upesi, lakini neno hubaki. Aliyeitwa hivyo huanza kuona haya kwa ajili ya kwao, na baba yake ajapo kumzuru amevaa viatu vyenye udongo, hutamani wenzake wasimwone. Kwa sababu hiyo si kazi bure tukiuliza neno hili limetoka wapi, na lilipataje kuwa tusi.

Tulitazame kwanza kwa macho ya sarufi. Shamba ni ardhi iliyolimwa, na mtu wa shamba ni mshamba. Hapo hapana tusi lolote. Walakini katika mazungumzo "mshamba" si sawa na "mkulima". Mtu aweza kulima maisha yake yote akaheshimiwa kwa jina la mkulima. Na mwingine asiyepata kushika jembe huitwa mshamba kwa kuwa ameshindwa kuvuka barabara ya mjini. Basi tusi hili halikuzaliwa na jembe. Lilizaliwa na mji.

Twende Unguja, tuone jinsi mji na shamba vilivyotengana. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Seyyid Said bin Sultan wa Omani alihamishia makao yake Unguja, na mikarafuu ikapandwa kwa wingi katika kisiwa hicho na katika Pemba. Matajiri walikaa mjini katika nyumba za mawe. Mashamba yao yalilimwa na watumwa, ambao wengi wao waliletwa kutoka bara. Mambo yalikuwa kama hayo katika pwani ya Kenya pia, ambako nchi ya Malindi na Mambrui ilitoa nafaka nyingi kwa jasho la watumwa. Katika Unguja jina la shamba likaenea likawa jina la nchi yote iliyo nje ya mji, hata mtu aendaye kumtazama ndugu yake kijijini husema kwamba anakwenda shamba. Mjini paliliwa, na shamba palilimwa. Anayekula kwa jasho la mwenziwe hutafuta sababu ya kujiona bora kuliko yeye, na aghalabu sababu hiyo huitia katika neno.

Neno jingine la nyakati hizo ni kali zaidi, nalo ni "mshenzi". Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara wasiofuata dini yao wala desturi zao, yaani wale wale ambao miongoni mwao watumwa walitekwa. Walowezi Wazungu walipofika Kenya walilikuta neno hili, wakalipenda, wakalitumia kwa watu na hata kwa mbwa asiye wa ukoo. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria iliwafungua watu, maneno hayakufunguliwa.

Sasa tazama maneno ya sifa. Watu wa pwani walikuwa na neno lao la zamani, "uungwana", yaani hali ya mtu huru mwenye adabu njema. Katika karne ya 19, nguvu za Waarabu wa Omani zilipokuwa kubwa, neno "ustaarabu" lilipata cheo pembeni yake, na asili yake katika Kiarabu ni kufanana na Waarabu. Hata "utamaduni", neno tunalolitumia leo kwa ngoma na mila za vijijini, limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno "madina", yaani mji. Mji ulijitwalia maneno mazuri, ukayaacha mabaya yaende shamba.

Wala usidhani, msomaji, kwamba kosa hili ni la pwani yetu peke yake. Waroma waliita nyumba ya shambani "villa". Katika neno hilo likatoka jina la mtu wa shambani, likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza, na leo "villain" kwao ni mtu mwovu. Kwa Waholanzi "boer" ni mkulima. Kwa Waingereza "boor" ni mtu asiye na adabu. Lakini wako wenye hekima waliopinga. Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika kwamba watu wa jangwani wako karibu zaidi na wema kuliko watu wa mjini, tena ni mashujaa zaidi, kwa kuwa watu wa mjini wamezoea kulindwa na kuta na watawala.

Turudi kwetu. Nairobi si mji wa kale. Reli ilifika hapo mwaka 1899, mahali palipokuwa malisho ya Wamasai, na jina lenyewe ni la Kimasai, lenye maana ya ubaridi wa maji. Basi Mwafrika wa Nairobi anayemwita mwenzake mshamba, mwenyewe ni mtoto, mjukuu au kitukuu wa mtu aliyetoka shamba. Na mji huo ulilishwa na shamba kwa njia mbili. Chakula kilitoka huko. Tena waajiri wa zama za ukoloni walimlipa Mwafrika mshahara wa mtu asiye na mke, wakitegemea kwamba mkewe na watoto wake watajilisha wenyewe kijijini. Mwaka 1954 kamati iliyowekwa na serikali ile ile ya kikoloni ilikiri kwamba mshahara wa namna hiyo haukutosha kutunza jamaa. Kwa miaka mingi, mama aliyelima mahindi kijijini alikuwa akimsaidia mwajiri wa mjini kulipa mishahara, naye hakupewa shukrani.

Hata sasa, mwezi wa Desemba, mabasi ya Nairobi hujaa watu waendao "ushago", kama vijana wanavyokuita. Na Januari hurudi na magunia ya mahindi na maharagwe. Wahenga walisema, mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Tena walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Fikiri jinsi methali hii inavyoligeuza tusi letu: mtumwa si yule aliyetoka shamba, bali ni yule anayeona haya kusema kwamba alitoka huko.

Itazame ngao ya taifa letu. Chini ya miguu ya simba wawili pana mlima, na katika mlima huo imechorwa kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Wale simba wenye fahari wamesimama juu ya shamba. Basi siku mwanafunzi mgeni atakaposhindwa kulifungua bomba, mwonyeshe. Na siku baba yako atakapofika mlangoni pa shule na udongo viatuni, toka umlaki mbele ya wenzako wote. Udongo ule ndio uliokulipia ada.