Plagi ya Pini Sita Imefunza Kisii Kompyuta

Wasee, kama ulisoma kompyuta kwa shule ya Kisii ama Nyamira, unazijua zile plagi mbili za mviringo nyuma ya mashine za zamani: zambarau ya kibodi, kijani ya mausi. Watu huzicheka. Mimi naziheshimu kuliko prosesa yoyote.

IBM walizileta 1987 kwenye kompyuta zao za PS/2. Kampuni zingine zikaiga, na kwa miaka mingi kibodi ya kampuni hii ikaingia kwa mashine ya kampuni ile. Hapo ndipo historia yetu ilipo. Shule nyingi Kenya zilipata mashine zilizokwisha kutumika. Computer for Schools Kenya, iliyoanza 2002, ilijulikana kwa kuzikarabati na kuzigawa. Mashine tatu zikifa, fundi anatoa kibodi kwa moja, mausi kwa nyingine, na ya nne inaendelea kufundisha. Haagizi kitu kutoka Nairobi.

Printa za utepe hazikuwa hivyo. Kasha la modeli moja mara nyingi haliingii kwa nyingine, ndiyo maana watu walipaka wino wa muhuri kwa utepe uliokauka. Inachapa, sawa, lakini wino wa utepe una mafuta yanayolainisha pini za kichwa. Ukipaka wa muhuri mara nyingi, pini zinakwama.

Halafu mausi ya mpira. Ndani ni chuma kilichovikwa raba, kinachozungusha vijiti viwili. Mpira huo ulikuwa ukiibiwa darasani, unageuzwa bano, na mausi nzima inatupwa! Na usiniambie tuchonge mwingine kwa jiwe la Tabaka. Lile jiwe linateleza, halitashika vijiti.

Leo USB imechukua nafasi, na kuna vile vigeuzi vidogo vya bei rahisi. Ukiweka kwa kibodi ya zamani sana vinakataa, ju ndani ni nyaya tu, hakuna chipu ya kutafsiri. Tafuta chenye chipu.

Na kama shule yenu inataka kuuza za zamani kwa kilo, mwambieni mwalimu aite fundi kwanza. Hapa Kisii mjini, na hata Keroka, bado kuna mashine zinazongoja kibodi hizo.