Vidonda vya Kulalia na Dhamana ya Wengi

Mwaka 1859 Florence Nightingale, katika kitabu chake juu ya uuguzi, alitoa hukumu ambayo hadi leo haijatanguka katika wodi za ulimwengu: kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulalia, aghalabu kosa si la maradhi bali ni la uuguzi. Kwa zama zile hukumu hiyo ilikuwa ni neema kubwa, maana ilikanusha itikadi ya kuvihesabu vidonda hivyo kuwa ni majaaliwa yasiyoepukika. Na itikadi hiyo haikuwa ya wajinga, kwani hata Jean-Martin Charcot, tabibu mashuhuri wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alishikilia baadaye kuwa asili yake ni kuharibika kwa mishipa ya fahamu, ilhali mtafiti Brown-Séquard alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1850, kwa majaribio ya wanyama waliokatwa uti wa mgongo, kuwa kiungo kikiepushwa na mgandamizo na umajimaji hakifanyi kidonda. Walakini hukumu iliyokuwa dawa jana imekuwa na madhara yake leo. Kumbebesha muuguzi peke yake dhamana ya ngozi ya mgonjwa ni dhuluma kwa muuguzi na hatari kwa mgonjwa. Kinga ya kweli hupatikana pale tu ambapo wengi, akiwamo jamaa akaaye ubavuni mwa kitanda, wamegawiwa kazi inayojulikana, inayoandikwa na inayoulizwa.

Tuitazame kwanza asili ya jambo lenyewe. Mtu mzima wa afya hujigeuza usingizini bila ya kujua, lakini aliyepooza, aliyepatwa na kiharusi, au aliyefungwa mguu kwenye uzito wa kuvutia mfupa, hulala pale pale alipolazwa. Nyama iliyo baina ya mfupa na godoro hubanwa, damu huzuiwa isipite, na katika muda wa saa chache tu uharibifu huanza ndani, karibu na mfupa, kabla ya jicho kuona lolote juu ya ngozi. Mahali pake panajulikana: kifandugu, nyonga, visigino, na kisogo kwa watoto. Fauka ya hayo kuna mvutano, yaani pale mgonjwa aliyeinuliwa mgongo anapoteremka kidogo kidogo kitandani, ngozi ikabaki imeganda kwenye shuka huku mifupa ikishuka, kuna jasho na mkojo, kuna utapiamlo, kuna upungufu wa damu. Sasa na aulizwe msomaji: ni lipi katika hayo lililo la muuguzi peke yake? Damu huagizwa na daktari, chakula hupimwa na mtaalamu wa lishe na huletwa na jamaa, kukalishwa kitini ni ilimu ya mtaalamu wa tiba ya viungo, na godoro lililobonyea katikati ni shauri la bohari na la mwenye fungu la fedha. Na yule aliyelala saa nyingi juu ya meza ngumu ya upasuaji huenda amerudi wodini na kidonda kilichokwisha kuanza, akapokewa na muuguzi ambaye kesho ndiye atakayeulizwa.

Ithibati iliyo bora kabisa ya hoja hii ni kazi ya Ludwig Guttmann, tabibu wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, ambaye mwezi wa Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wakati ambapo wengi wa majeruhi hao walikuwa wakifa kwa vidonda na kwa maradhi ya njia ya mkojo. Guttmann hakuvumbua dawa. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na watumishi wakageuza kwa pamoja. Na yeye mwenyewe, ajapokuwa mkuu, alikuwa akizuka wodini usiku wa manane kutazama kama amri inatimizwa. Wengi hukumbuka michezo ya walemavu aliyoianzisha hapo mwaka 1948, lakini mimi naona kuwa michezo ile isingekuwapo lau si zile zamu za usiku.

Saa mbili zenyewe si sharia isiyobadilika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 kutoka nyumba za wazee za Marekani na Kanada haukuona tofauti kubwa baina ya kugeuzwa kila saa mbili, tatu au nne; lakini wazee wale walilala juu ya magodoro mazito ya sponji bora, jambo ambalo wodi zetu nyingi haziwezi kudai.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambako kijana huanguka mwembeni au mnazini, au hupinduka na bodaboda, akaletwa hospitali hana hisia miguuni, mikono iliyo mingi zaidi kando ya kitanda si ya wauguzi bali ni ya jamaa. Mama au kaka ndiye anayemwogesha, anayemlisha uji, anayebadili shuka na anayelala chini sakafuni. Tena huyo ndiye tusiyemfundisha kitu. Mtazame anapomvuta mgonjwa juu: humshika makwapani, akamburura, na ngozi ya kifandugu ikakwaruzwa na shuka, kumbe wangekuwa wawili, kila mmoja upande wake, wakaikunja shuka ya chini karibu na mwili na kumnyanyua nayo, ngozi isingeguswa. Huweka glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino, akidhani amefanya hisani, ilhali kinachotakiwa ni mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie. Husugua mahali mfupa ulipojitokeza, na kusugua huko huzidisha kuharibika. Na wekundu ambao vitabu vya Ulaya hutuagiza tuutafute kama dalili ya kwanza, juu ya ngozi nyeusi hauonekani kwa wepesi. Yafaa kupapasa kwa mgongo wa mkono, kutafuta joto au ugumu, na kutazama rangi iliyokoza kuliko ya pembeni, kazi ambayo mama amwogeshaye mwanawe kila asubuhi ana nafasi nayo kuliko sisi sote.

Lakini ada yetu ni ipi? Raundi ya madaktari inapoingia, jamaa hutolewa nje. Katika saa ile ile ambayo daktari, muuguzi na mtaalamu wa viungo wanakutana kitandani, yule aliyeuona mgongo alfajiri yuko kwenye ubaraza, na lile alilolijua halimfikii mtu.

Yamkini nitaambiwa kuwa jamaa si waganga, na kuwa kuwatwika kazi hii ni kuipa serikali udhuru wa kutoajiri wauguzi. Hoja hiyo ina uzito, nami siikatai: jamaa si badala ya muuguzi, na mgonjwa asiye na jamaa asipate hasara kwa upweke wake. Ila kazi wanaifanya tayari, tena gizani, na kuikubali rasmi ndiko kutakakoonyesha ni kiasi gani cha kazi ya wodi kinachofanywa na watu wasiolipwa.

Vipimo vya kutambua nani yumo hatarini havikosekani. Kile cha Doreen Norton cha mwaka 1962 kina vichwa vitano tu, na jumla ya 14 au pungufu ni onyo. Kile cha Braden na Bergstrom cha 1987 kina vichwa sita. Vyote hujazwa kwa kalamu. Kasoro ni kuwa karatasi hujazwa siku ya kulazwa, ikatiwa jaladani, na hesabu yake haimfikii mpishi, wala mtunza bohari, wala jamaa. Na kidonda kikitokea, kwa kuwa kosa linajulikana litaangukia nani, huandikwa kwa kuchelewa au hakiandikwi kabisa. Hofu ya lawama ndiyo mficha vidonda mkubwa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa wodi na madaktari bingwa mambo mawili yasiyohitaji fungu jipya la fedha: jamaa mmoja wa kila mgonjwa asiyejigeuza aandikwe jina katika karatasi ya kugeuza, afundishwe siku ya kwanza na abaki kitandani wakati wa raundi, na daktari anayeiongoza raundi hiyo asiondoke kabla ya kuutazama mgongo wa mgonjwa kwa macho yake.