Furaha Hii Mnaitoa Wapi?

Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipokatwa tena hapa Nyarugusu, kijana mmoja Mtanzania anayefanya kazi na shirika alinikuta nje ya kanisa letu siku ya Jumapili. Ibada ilianza saa tatu asubuhi, na saa nane mchana korali ilikuwa bado inaimba. "Shikamoo, mzee," akasema. Nikaitika. Akasita kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mzee wangu, najua watu wengi humo ndani jana wamelala njaa. Furaha hii mnaitoa wapi?"

Nilimjibu, "Ni Mungu tu, kijana wangu." Akatikisa kichwa, akaenda zake. Jibu lile lilikuwa kweli, ila lilikuwa fupi mno. Nimekaa nalo muda mrefu, nikaona kwamba ili nimjibu sawasawa, lazima nianze mbali.

Mimi nilifika hapa mwishoni mwa 1996, nikiwa na miaka 17. Vita vilipofika Uvira mwezi wa kumi mwaka ule na kushuka upande wa Fizi, sisi wa karibu na Baraka tulikimbilia ziwani. Tulivuka Tanganyika usiku, tukafika Kigoma, kisha magari yakatuleta huku wilaya ya Kasulu. Wakati ule ilikuwa pori tu, miti na nyasi. Kila familia ilipewa shitingi na vyombo vichache, tukakata miti, tukajenga. Mdogo wangu hakufika. Alishikwa na homa njiani na tukamzika Kigoma kwa haraka, bila matanga.

Jumapili ya kwanza watu walikusanyika chini ya mti. Wengi wetu wa Kivu Kusini tulilelewa katika makanisa yaliyotokana na wamisionari wa Sweden na Norway walioingia kwetu miaka ya 1920, kwa hiyo nyimbo tulizijua tangu utoto. Lakini vitabu vilibaki nyumbani. Mama mmoja akaanzisha wimbo, akafika ubeti wa pili akakwama. Mwingine, Mmethodisti, akaudaka. Ubeti wa tatu ukatoka kwa mzee aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Ikawa hivyo wiki kwa wiki: huyu ana mwanzo, yule ana mwisho. Katibu wa korali akapata daftari la shule, akaanza kuandika kila wimbo uliokamilika. Ndivyo kitabu chetu kilivyorudi, kipande kwa kipande, kutoka vichwani mwa watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu kingine.

Mimi sikuimba. Nilikaa miezi mingi bila kufungua kinywa kanisani, maana kila wimbo ulinirudisha kwenye lile kaburi la Kigoma. Mzee wa korali alikuja kwenye hema letu jioni moja. Nilifikiri atanihubiria. Hakunihubiria. Alisema hivi: "Kinywa kikikataa, mikono je? Hatuna mpiga ngoma." Ngoma yenyewe ilikuwa kopo tupu la mafuta ya msaada, na kidumu kikuukuu cha kupigia sauti nzito.

Nikaenda. Sitadanganya kwamba huzuni iliisha. Kilichobadilika ni kitu kidogo: kila Alhamisi na Jumamosi kulikuwa na watu walionisubiri mimi. Msomaji uliyeishi kambini unajua uzito wa neno hilo. Hapa sisi ndio tunaosubiri. Tunasubiri mgao, tunasubiri maji, tunasubiri jina lisomwe. Kwenye mazoezi nikichelewa mimi, wimbo hauanzi. Baada ya miezi, sijui siku gani, nilijikuta napiga na kuimba pamoja.

Baadaye nikajifunza kwamba hatukuwa wa kwanza katika jambo hili. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa ardhi Ulyankulu, mkoa wa Tabora, halafu Katumba, halafu Mishamo. Nao walikuta pori. Walilima, wakajenga makanisa, na makazi yao Ulyankulu yakawa na barabara za namba. Kutoka barabara moja ikatoka korali, au kwaya kama Watanzania wanavyosema, iliyojulikana kwa anwani yake tu: Barabara ya 13, Ulyankulu. Kaseti zake zilitembea mbali. Nyumbani kwetu zilisikika kabla sijajua kwamba waimbaji wale walikuwa wakimbizi. Watu tuliodhani ni wa kupokea tu, ndio walikuwa wanatupa.

Mwaka 2014 Warundi wale wa 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Sisemi nyimbo ndizo zilileta uraia. Huo ulikuwa uamuzi wa serikali, na jasho lao la miaka 40 shambani. Lakini kabla ya vyeti, sauti zao zilikuwa tayari zimeingia katika nyumba za wananchi.

Hapa kwetu, kambi ya Lugufu ilipofungwa 2009, wenzetu waliobaki kule waliletwa Nyarugusu na nyimbo zao. Halafu ikaja 2015. Burundi ilichafuka tena, na maelfu ya watu wakakwama Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ikawabeba kwa zamu mpaka Kigoma, na mabasi yakawaleta kwetu. Hakukuwa na nafasi ya kuwaweka, basi wakalala madarasani na makanisani. Kanisa letu lilijaa mikeka na watoto, na sisi tukarudi chini ya mti kama 1996.

Si wote walifurahi. Wapo waliosema, tumejenga kwa mikono yetu, sasa tunyeshewe? Mimi nilikuwa mmoja wao, nakiri. Lakini wiki ya pili mama mmoja Mrundi alitoka nje, akamwendea mama mchungaji, akasema: "Nipe ufagio." Alitaka kufagia pale chini ya mti kabla ya ibada. Mama mchungaji akamwambia, "Pumzika, wewe ni mgeni." Akajibu, "Tangu Kagunga napewa tu. Niache na mimi nitoe kitu." Akafagia. Jumapili ile waliimba kwa Kirundi na sisi kwa Kiswahili, wimbo mmoja, maana sauti ilikuwa ile ile ingawa maneno yalitofautiana.

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule kijana, miaka minane kabla hajaniuliza. Kambini tunahesabiwa kwa tunachokosa. Karatasi zinaandika idadi ya midomo. Ila katika sala na sifa mtu ana kitu cha kutoa, na hakuna mtu anayeweza kukipunguza kwa asilimia. Anampa Mungu sauti yake, anampa jirani ubeti aliousahau. Furaha yetu inatoka hapo, na haihitaji mtu asahau njaa yake.

Ndugu zangu wa mashirika, nawaomba jambo moja. Mkitukuta tunacheza mbele za Bwana, msiandike kwamba hali ni nzuri. Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, lakini hakuna aliyesema gereza lilikuwa zuri. Njaa ni njaa. Mtoto anayeimba Jumapili bado anahitaji kula Jumatatu.

Na ninyi wachungaji wetu, msimwambie mwenye huzuni kwamba imani yake ni ndogo. Someni Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila neno la shukrani mwishoni, na bado wazee wa imani waliiacha ndani ya kitabu cha sifa. Asiyeweza kuimba leo, mpeni ngoma. Akikataa ngoma, kaeni naye.

Lile daftari bado lipo. Limeshonwa upya mara mbili na jalada lake sasa ni kipande cha shitingi. Juzi nilimkuta kijana wa korali, aliyezaliwa hapa hapa kambini, anaongeza nyimbo za Kirundi kwenye kurasa za mwisho. Nilimwuliza kama kurasa zitatosha. Akasema hazitoshi, anatafuta daftari la pili.