Kitenzijina na kimilikishi

Kitenzijina ni umbo la kitenzi lenye kiambishi ku-, linalotumika kama nomino: kulima, kusoma, kwenda. Huingia katika ngeli ya KU, ambayo ni ya 15 katika hesabu ya lugha za Kibantu.

Baada ya vihusishi kama "kabla ya" na "baada ya", mtenda huonyeshwa kwa kimilikishi: "Mkutano ulianza baada ya kufika kwao Kilolo." Ukanushi hutumia -to-: "kutofika kwao." Umbo lenye kimilikishi lina utata: "kufika kwake" huweza pia kumaanisha kufika nyumbani kwake, muktadha ndio huamua.

Kihehe, lugha ya Kibantu inayozungumzwa Kilolo na kwingineko mkoani Iringa, nacho kina ku-.

Kwa kazi hiyohiyo, Kiingereza hutumia -ing na kina njia mbili za kuonyesha mtenda: "his arriving", yenye kimilikishi, na "him arriving". Henry Fowler, mtunzi wa kamusi za Kiingereza, aliipinga ya pili katika kitabu chake cha 1926 kuhusu matumizi ya lugha hiyo. Leo zote hutumika, ya kwanza ikiwa rasmi zaidi. Mwanafunzi wa Kilolo anayeanza sekondari, ambako Kiingereza ni lugha ya kufundishia, ana msingi imara: "kufika kwake" humwelekeza kwenye "his arriving".