SAMAKI WASAFISHAJI NA UDHIBITI WA VIMELEA KATIKA AKWARIA ZA MAJI CHUMVI: HISTORIA YA WAZO NA MIPAKA YAKE

1.0 Utangulizi

Wafugaji wa samaki wa mapambo wa baharini wamekuwa wakitafuta kwa muda mrefu samaki mpole, asiye mgomvi, atakayeondoa vimelea kwenye miili ya wenzake bila kuhitaji dawa. Samaki anayetajwa zaidi kwa kazi hiyo ni Labroides dimidiatus, aliyeelezwa kisayansi na Valenciennes mwaka 1839. Ni samaki mwembamba wa rangi ya buluu mwenye mstari mweusi ubavuni, na hupatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Insha hii inafuatilia jinsi samaki huyu alivyopewa kazi hiyo ndani ya akwaria, yaani tangi la kioo la kufugia viumbe wa majini. Hoja yake kuu ni kwamba usafishaji si sifa anayoibeba samaki popote apelekwapo, bali ni uhusiano unaotegemea aina ya kimelea, wingi wa wateja na nafasi ya kuondoka. Uhusiano huo ulithibitishwa mwambani, lakini ulihamishiwa kwenye kioo kabla ya masharti yake kueleweka.

2.0 Chimbuko la Wazo la Msaidizi wa Asili

Wazo la kumtumia kiumbe kimoja kumtunza kingine ni la zamani kuliko ufugaji wenyewe wa samaki wa matumbawe. Robert Warington, mkemia wa London, aliwasilisha mwaka 1850 matokeo ya jaribio lake la kufuga samaki wa dhahabu pamoja na mmea wa majini. Majani yalipooza na kuchafua maji, aliongeza konokono, nao wakala uozo huo na kurejesha usafi. Philip Henry Gosse alieneza fikra hiyo ya urari kwa viumbe wa baharini. Jumba la samaki la Chama cha Zuolojia cha London lilifunguliwa mwaka 1853, na kitabu cha Gosse kilichapishwa mwaka uliofuata.

Urari wa Warington, hata hivyo, ulihusu uozo na hewa, si maradhi. Katika karne ya 20 ilidhihirika kuwa adui mkubwa wa samaki wa maji chumvi waliofungiwa ni vimelea vya seli moja. Kimojawapo, kinachoitwa leo Amyloodinium ocellatum, kilielezwa na Brown mwaka 1931. Kingine, Cryptocaryon irritans, kinachosababisha madoa meupe, kilipewa jina na mtafiti huyo huyo mwaka 1951. Mwaka 1955 Dempster, wa Akwaria ya Steinhart mjini San Francisco, alichapisha matokeo ya kutumia mrututu, yaani salfeti ya shaba, dhidi ya vimelea vya kundi la kwanza. Dawa hiyo ilifaa, lakini shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Aliyetaka kufuga samaki pamoja na matumbawe alijikuta njia panda. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mfumo wake wa kufuga samaki wa bahari kwa kutumia mawe hai na matumbawe. Mvuto wa mifumo ya namna hiyo ulipokua, haja ya tiba isiyo ya kemikali ilikua pia.

3.0 Ushahidi wa Mwambani, 1955–1961

Wakati huo huo wanasayansi walikuwa wameanza kupiga mbizi kwa vifaa vya kupumulia. Mwaka 1955 Irenäus Eibl-Eibesfeldt alichapisha maelezo ya samaki wanaosafisha wenzao, kutokana na safari ya merikebu Xarifa chini ya Hans Hass. Mwaka 1958 John Randall alipitia upya jenasi ya Labroides. Mmoja wa samaki aliowaeleza, wa Hawaii, alimpa jina phthirophagus, yaani mla chawa. Jina hilo lilitangaza kazi ya samaki kabla kazi yenyewe haijapimwa.

Maandishi yaliyoivutia zaidi hadhira pana ni ya Conrad Limbaugh wa Taasisi ya Scripps, California, yaliyochapishwa mwaka 1961 baada ya yeye kufariki akipiga mbizi Ufaransa mwaka 1960. Limbaugh alieleza kwamba aliwaondoa wasafishaji wote aliowajua katika miamba miwili midogo ya Bahama. Katika muda wa wiki mbili samaki wengi walihama, na waliobaki walionekana wana vidonda na mapezi yaliyochakaa. Simulizi hiyo ilimchora msafishaji kama tabibu wa mwamba. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kudhani kwamba tabibu huyo angeweza kununuliwa.

4.0 Mashaka na Uthibitisho

Jaribio la Limbaugh halikuwa na miamba ya kulinganishia. Youngbluth mwaka 1968 na Losey mwaka 1972 walirudia uondoaji huo huko Hawaii, na hawakuona mabadiliko makubwa ya wingi wa samaki wala ya vimelea. Kwa takriban miongo mitatu swali lilibaki wazi: je, wasafishaji husafisha kweli?

Jibu lilitoka Kisiwa cha Lizard, Australia. Alexandra Grutter alikadiria kwamba Labroides dimidiatus mmoja hula takriban vimelea 1,200 kwa siku. Mwaka 1999 alionyesha kuwa, ndani ya saa 12 tu, samaki wasiokuwa na msafishaji walikuwa na vimelea mara 4.5 zaidi ya waliokuwa naye. Mwaka 2011 Waldie na wenzake waliripoti kwamba miamba midogo iliyokosa wasafishaji kwa miaka 8.5 ilikuwa na samaki wakazi pungufu kwa asilimia 37, na spishi zao zilipungua kwa asilimia 23. Kwa hiyo Limbaugh aliona jambo la kweli, ingawa njia yake haikutosha kulithibitisha.

5.0 Yanayotokea Ndani ya Kioo

Uthibitisho huo una sharti ambalo mfugaji hawezi kulipuuza. Vimelea alivyohesabu Grutter ni hasa vya familia ya Gnathiidae, wadudu wa jamii ya gegereka wanaonyonya damu juu ya ngozi na wanaoonekana kwa macho. Cryptocaryon irritans, kwa upande wake, hujichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi na kwenye matamvua. Kikishakomaa huanguka, hujifunga katika kifuko mchangani, na kutoa watoto wengi wanaotafuta samaki mpya. Sehemu kubwa ya mzunguko huo haifikiwi na mdomo wa msafishaji. Ndani ya tangi lisilo na nafasi ya kukimbilia, watoto hao huwapata samaki wale wale waliowaleta.

Zaidi ya hayo, mwaka 2003 Grutter na Redouan Bshary walionyesha kwamba, akipewa uchaguzi, Labroides dimidiatus hupendelea ute wa mteja kuliko vimelea. Mwambani mteja anayeng'atwa huondoka au humfukuza msafishaji, na hofu ya kumpoteza mteja humfanya msafishaji awe mwaminifu. Kwenye kioo mteja hana pa kwenda. Wateja wakiwa wachache na vimelea vikiisha, msafishaji ama hukonda hadi kufa, ama huwasumbua wenzake kwa kuchuna ute wao. Upole wake kwa hiyo ulikuwa zao la mazingira, wala haukuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Hata kwa jamii yake si mpole daima. Robertson alieleza mwaka 1972 kwamba dume mmoja hutawala kundi la majike, na akiondolewa, jike mkubwa hubadilika kuwa dume. Aidha, mnunuzi asiye makini huweza kuuziwa Aspidontus taeniatus, anayemwiga msafishaji kwa umbo na rangi lakini hung'ata mapezi.

Ndiyo maana uchaguzi umeelekea kwa Elacatinus oceanops wa Florida, samaki mdogo wa familia ya Gobiidae aliyeelezwa na Jordan mwaka 1904. Naye husafisha, lakini hupokea chakula cha kawaida kwa urahisi, na huzalishwa utumwani. Ubora wake ni kwamba haishi kwa usafishaji pekee. Hata hivyo, yeye pia hawezi kuufikia mzunguko wa Cryptocaryon.

6.0 Ulinganisho: Samoni wa Norwei

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Åsmund Bjordal aliripoti kwamba samaki wa familia ya Labridae wa Norwei walikula chawa wa samoni katika vizimba vya ufugaji. Chawa huyo, Lepeophtheirus salmonis, ni mkubwa, yuko juu ya ngozi, na anaonekana. Yaani kimelea kililingana na mdomo wa msafishaji, na ndiyo sababu njia hiyo ilienea. Gharama yake pia ni kubwa: wasafishaji huvuliwa kwa wingi na wengi hufa vizimbani, jambo lililosababisha jitihada za kuwazalisha.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba ushahidi wa mwambani na desturi ya akwaria havikusafiri kwa mwendo mmoja. Desturi ilitangulia, ikabeba picha ya tabibu mpole. Ushahidi ulipofika ulithibitisha kazi ya msafishaji, na papo hapo ukaiwekea mipaka. Dhidi ya madoa meupe, kinga iliyo imara ni kumtenga samaki mgeni katika tangi lake kwa wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wenzake, na kumtibu humo.

Suala hili linagusa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani Labroides dimidiatus ni miongoni mwa samaki wanaokusanywa Kenya kwa ajili ya soko la nje. Ripoti ya UNEP-WCMC ya mwaka 2003 ilimtaja kuwa spishi inayouzwa sana ingawa haistahimili maisha ya akwaria. Yakisomwa pamoja na matokeo ya Kisiwa cha Lizard, maelezo hayo yana maana nzito: kila msafishaji anayeondolewa hupunguza huduma mwambani, ilhali kule anakopelekwa hawezi kuitoa kwa ukamilifu. Usimamizi wa uvuvi wa samaki wa mapambo unapaswa kumpima kwa kazi anayoifanya mahali alipo, si kwa bei yake peke yake.