Nimeuguliwa

Mtu akipotelewa na ndugu, Kiswahili kina kitenzi chake. Kifo kimempata mwingine, lakini sentensi inamtaja aliyebaki: amefiwa. Kitenzi cha ukoo huohuo tunakitumia bila kukitazama sana: ameuguliwa. Anayeugua ni mama yake, mumewe au mwanawe. Aliyeuguliwa ni yeye, na kazi yake kuanzia siku hiyo inaitwa kuuguza. Jina la mtenda kazi hiyo, muuguzi, limekwenda kwa mwenye cheti na sare. Yule wa nyumbani amebaki na jina analoitiwa mlangoni mwa wodi: "Ndugu wa mgonjwa!" Akisikia hivyo anajua anatumwa dawa, au damu, au anaitwa pembeni kuambiwa jambo.

Historia ya tiba nchini huandikwa kupitia madaktari, majengo na chanjo. Nataka kumfuata ndugu wa mgonjwa, na kumfuata mkoani Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, kwa sababu huko swali la nani atauguza lilipata jibu lenye ng'ombe, mahari na ukoo muda mrefu kabla wataalamu hawajatuletea maneno "tiba shufaa".

Kwa mila ya Wakurya, kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya boma la mume: mlango wake, mashamba yake, ng'ombe waliohesabiwa kuwa wa nyumba hiyo. Watoto wake wa kiume ndio warithi, na wake zao ndio watakaomtekea maji na kumpikia uji wa ulezi atakaposhindwa kuinama. (Kiswahili kinatumia neno hilohilo moja kwa nafaka na kwa kazi ya kulea, wenye kuuguza watanielewa.) Binti zake hawamo katika hesabu hiyo. Wao wameolewa, wanauguza wakwe zao kwingine.

Je, asiye na mtoto wa kiume? Hapo ndipo inapoingia nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, inayoendelea hadi leo. Mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane, anatoa mahari ya ng'ombe na kuoa mwanamke kijana. Hawana uhusiano wa kimapenzi. Kijana anazaa na mwanamume, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Nyumba inapata warithi. Mwenye nyumba anapata mtu wa kulima, kuchota maji, kumgeuza kitandani.

Waandishi wa habari kutoka nje wameipenda sana habari hii, na mara nyingi wameieleza kama njia ya wanawake kukimbia vipigo vya waume. Kuna ukweli humo. Wapo walioolewa hivi waliosema wenyewe kwamba wamepata amani. Lakini ukiitazama kwa jicho la anayeuguza, picha inageuka. Mila hii ilikubali jambo ambalo sera zetu bado zinaona aibu kulikubali: kwamba kuuguza ni kazi, ina gharama, na lazima kuwe na mtu aliyekabidhiwa. Bei yake ikalipwa kwa ng'ombe. Tatizo ni kwamba ng'ombe hao walikwenda kwa baba wa binti, na usiku wa kuamka mara tano ukabaki kwa binti. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo aliyeolewa nyumba ntobhu, akauguza kwa miaka na kumzika mwenye nyumba wake, hawezi kusimama mahakamani kama mjane. Anategemea hisani ya ukoo.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya watu wa Mara kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2019 kitabu kizima juu ya kumbukumbu za wanawake wa mkoa huu. Wanaume, anaonyesha, husimulia koo, mipaka na vita; wanawake husimulia mitandao ya watu walioolewa huku na kule, nani ni shangazi wa nani. Ukitaka kujua nani alimuuguza nani, basi, usiende kwa mzee anayeheshimiwa kwa historia ya ukoo. Muulize mkewe.

Hospitali ilipofika haikumwondolea ndugu wa mgonjwa kazi yake. Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo lililokuwa la Tarime hadi Rorya ilipofanywa wilaya mwaka 2007. Hospitali yao ilijulikana kwa mengi, pamoja na huduma kwa wenye ukoma. Lakini hospitali za aina hiyo, za misheni na za serikali, zilijengwa zikitegemea kwamba mgonjwa haji peke yake. Anakuja na mtu wa kupika, kufua na kulala sakafuni chini ya kitanda. Ukienda leo katika hospitali nyingi za wilaya, alfajiri utawaona wametandaza kanga kwenye majani, wamebeba mabeseni na chupa za chai. Hakuna bajeti inayowataja, ingawa wakiacha kuja kwa wiki moja wodi zitasimama.

Kuna kisa kimoja cha wilaya hii ambacho kimeingia katika vitabu vya tiba vya dunia. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa saratani uliokuwa ukivimbisha mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari nchi kadhaa za Afrika wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine ni wapi uvimbe huo unaonekana. Ulionekana kufuata joto na mvua, yaani kufuata malaria. Ili kulipima wazo hilo, kati ya 1977 na 1982, North Mara, jina la eneo hilo wakati huo, ilichaguliwa kwa jaribio kubwa: watoto wagawiwe klorokwini, malaria ipungue, ionekane kama saratani nayo itapungua. Malaria ilishuka mwanzoni, halafu vimelea vikaanza kuizoea dawa, na jibu la uhakika halikupatikana.

Sina ugomvi na utafiti huo. Saratani ya Burkitt ni miongoni mwa zile zinazoweza kupona kwa dawa mtoto akiwahishwa, na elimu ile ilisaidia. Ninachofikiria ni mtoto ambaye hakuwahishwa. Katika miaka ile ya 1970 alirudishwa nyumbani akiwa na taya limefunga jicho, na mama yake akafundishwa nini? Amlishe vipi mtoto asiyeweza kutafuna? Ampe nini usiku?

Swali hilo lilikuwa linajibiwa mahali pengine, polepole. London, mwaka 1967, Cicely Saunders, aliyepata kuwa muuguzi na ofisa ustawi wa jamii kabla ya kuwa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya roho, ya pesa na ya familia kwa pamoja. Harare ilipata hospisi mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akiwa na dawa ya bei ndogo ajabu: unga wa morfini uliochanganywa na maji, ukatiwa rangi na kuwekwa katika chupa ya plastiki. Kwetu, hospitali ya Selian ya KKKT, Arusha, ilianza huduma hii mwaka 1999.

Kabla ya hapo UKIMWI ulikuwa umeshalazimisha mambo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa kutoka Mara. Vitanda vikajaa. Mwaka 1989 WAMATA ikaanzishwa Dar es Salaam ili kuwashika mkono walioathirika na familia zao, miaka miwili baada ya TASO ya Uganda. Serikali nayo ikaja na huduma kwa wagonjwa nyumbani, na watu wa kujitolea wakapita vijijini na mabegi yenye glavu, sabuni na panadoli. Ilikuwa huduma ya heshima. Ilikuwa pia njia ya kuurudisha mzigo kwa bibi na wajukuu, kwa sababu dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure hadi mwaka 2004.

Hii chupa ya morfini inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo inayoonyesha ndugu wa mgonjwa ni nani hasa. Dozi hunywewa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo au yasiwepo; ukisubiri mgonjwa alie, umechelewa. Ya usiku huongezwa mara mbili ili watu walale. Lazima iende na dawa ya kulainisha choo, la sivyo unatatua shida moja na kuzaa nyingine. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa mbili. Kidonda cha saratani kinachonuka, kile kinachowafanya hata majirani wema wasimame mlangoni, hutulizwa kwa vidonge vya metronidazole vilivyosagwa na kunyunyiziwa juu yake. Hiyo ni kazi ya kitaalamu. Anayeifanya mara nyingi ni mwanamke ambaye asubuhi ana shamba la mihogo, na aliyefundishwa kwa dakika chache, akiwa amesimama.

Uganda, mwaka 2004, iliruhusu wauguzi waliosomea fani hii kuandika morfini, kwa kuwa daktari yuko mbali na kijiji. Umbali ndio shida ya Mara pia. Kutoka Tarime au Mugumu, mwenye saratani huelekezwa Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, au Ocean Road, Dar es Salaam. Wanasafiri wawili, si mmoja: nauli mbili, chakula cha watu wawili, na nyumbani shamba limeachwa.

Mwaka huohuo wa 2004, Bunge letu lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Inampa mfanyakazi likizo ya siku nne yenye malipo mtoto wake akiugua au akifa. Kwa mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu, likizo hiyo ilitajwa kwa kifo tu. Yaani sheria ilimjua aliyefiwa na mama, haikumjua aliyeuguliwa na mama. Nayo inawahusu walioajiriwa; mkulima wa Serengeti hana wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa.

Labda sheria ilituiga sisi. Mtu akifa Tarime, kama Tanzania nzima, ndani ya saa chache kuna turubai, viti vya kukodi, sufuria, daftari la michango na mtu wa kulishika. Miezi minane iliyotangulia, mwanamke mmoja alikuwa ndani na chupa na saa ya simu. Wakurya walikuwa na utaratibu wa risaga, neno ambalo Wagusii wa Kenya nao wanalo: majirani kukutana shambani kwa mmoja wao, wakalima pamoja, wakanywa pombe aliyoiandaa mwenye shamba. Anayeuguza hana nafasi ya kupika pombe. Lakini daftari la msiba lingeweza kufunguliwa mapema zaidi, na ukurasa wake wa kwanza ukaandikwa nani atapalilia Jumatatu, nani ataleta maji, na nani atakaa na mgonjwa kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri ili mwenzake alale.