Ganda la Ugoro: Risasi, Moshi na Vita katika Bonde la Kilombero

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ifakara, nikaenda kumsalimia babu mmoja jirani yetu. Baada ya shikamoo na maswali ya chuo ("bado tu unasoma?"), akatoa kichupa chake cha ugoro, akazibua kizibo cha gunzi la mahindi, akamwaga kidogo kiganjani. Kichupa chenyewe kilikuwa ganda la risasi. Alilirithi kwa baba yake, ambaye aliliokota akilima kando ya mto.

Nikaomba nilipime. Urefu milimita 60, mdomo zaidi kidogo ya milimita 11. Hivyo ni vipimo vya risasi ya bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, bunduki ambayo majeshi ya Ulaya yalishaiona ya kizamani wakati askari wa Kijerumani wanaibeba huku kwetu. Kwa nini waliibeba, na kwa nini hatimaye waliitupa? Jibu haliko kwenye bunduki. Liko kwenye ganda.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki, kile kidude kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa. Na kuna ganda linalovishika vyote hivyo pamoja. Watu hulidharau ganda kwa kuwa linabaki chini, lakini kazi yake ni ngumu. Baruti ikiwaka, ganda linavimba na kubana ukuta wa chumba cha bunduki ili gesi isimrudie mpigaji usoni, kisha linasinyaa kidogo ili litoke. Ndiyo maana linatengenezwa kwa shaba ya manjano, takriban asilimia 70 shaba na 30 zinki, ambayo inanyumbulika na kurudi.

Ganda likitoka zima linaweza kujazwa tena. Lakini chuma au shaba ukiikunja mara nyingi hukakamaa; jaribu waya wowote uone. Shingo ya ganda inavimba ikipigwa, inabanwa irudi saizi yake, inavimba tena, mwisho inapasuka. Mafundi wa zamani walijua dawa: kuipasha shingo moto ili ilainike, bila kugusa kitako, maana kitako kikilainika ganda linakuwa hatari kwa mpigaji mwenyewe. Walijua pia kwamba baruti nyeusi inaacha masizi yenye chumvi, ambayo yakipata unyevu yanakula shaba, hivyo maganda yalioshwa kwa maji ya moto mapema. Na risasi ya msukumo mdogo, kama hii ya babu, inachosha ganda lake kidogo kuliko risasi kali za kisasa.

Sasa turudi bondeni. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Ulipambwa kama mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na kweli ulihusu hilo, ila ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta, bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini ziliruhusiwa. Kwa maneno mengine, uamuzi wa bunduki gani Mwafrika ashike ulifanyika Ubelgiji. Ndiyo asili ya gobore kubaki mikononi mwa watu wetu. Gobore halina ganda: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unaweka gololi au vipande vya chuma. Mhunzi wa kijijini anaweza kulihudumia. Ila mpaka ujaze mara ya pili, mwenye magamba ya shaba ameshapiga kumi.

Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, juu ya milima upande wa kusini wa bonde letu. Ndani ya boma kulikuwa na bombom. Hadithi ya shuleni husimulia maji yaliyoshindwa kuzuia risasi. Mimi naona tuongeze na hesabu: upande mmoja mikuki na magobore, upande wa pili mikanda ya risasi za kiwandani. Hakuna ushujaa unaoziba pengo hilo kwenye uwanja wa wazi.

Miaka tisa baadaye tatizo la risasi likawageukia Wajerumani wenyewe. Vita Kuu ilipoanza 1914, sehemu kubwa ya kombania zao bado zilikuwa na Mauser ya 1871. Kichwa chake ni risasi nzito ya gramu 25, inayotoka kwa kasi ya kama mita 440 kwa sekunde. Ukipigwa nayo huamki. Shida ni moshi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi inayoungua haigeuki gesi, inabaki chembe ngumu zinazotanda hewani kama wingu jeupe. Ukipiga mara moja tu msituni, adui anajua ulipo. Baruti mpya ya selulosi iliyotiwa naitreti inageuka karibu yote kuwa gesi, kwa hiyo haikutangazi.

Vita vya Tanga, Novemba 1914, viliwapa Wajerumani ngawira: mamia ya bunduki za Waingereza na risasi zaidi ya nusu milioni. Lakini risasi ya Mwingereza haiingii kwenye Mauser. Januari 1915 wakapigana Jasini, mpakani mwa Kenya, wakashinda, na kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck akapiga hesabu: risasi 200,000 zimekwenda. Vita vya namna hiyo angeviweza vitatu zaidi, basi. Kuanzia hapo akaelekea kwenye vita vya kuvizia na kukimbia. Vitabu humsifu kwa akili ya kijeshi. Sawa, lakini stoo tupu nayo ilimsukuma.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifika na shehena ya silaha, ikafukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikazamishwa kwenye maji mafupi ya ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi ziliopolewa, ila zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na kila wiki zilizogoma ziliongezeka. Zikapelekwa Moshi. (Ndiyo, risasi zisizo na moshi zilikarabatiwa Moshi.) Kwa miezi, askari na makuruta walikaa kutwa nzima wakizifungua moja moja, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki zilizoharibika kwa fataki za aina nyingine zilizopatikana humu nchini. Risasi nzuri za akiba ziliachiwa bombom. Zilizokarabatiwa, fungu ambalo kama asilimia 20 ziligoma lilikwenda vitani. Mafungu mabaya zaidi yakawa ya mazoezi. Hebu fikiria upo mstari wa mbele na unajua kila risasi tano, moja haitalia.

Angalia kilichosalimika na kilichokufa. Ganda lilisalimika. Baruti nyingi ilisafishika. Kilichohitaji mbadala ni fataki, kitu kidogo kuliko vyote, chenye kemikali isiyotengenezwa kwenye karakana ya mhunzi. Na fataki za enzi zile mara nyingi zilikuwa na zebaki, ambayo inaingia kwenye shaba na kuifanya iwe kavu kama biskuti. Kwenye baruti nyeusi masizi yanaichukua sehemu kubwa ya zebaki. Kwenye baruti isiyo na moshi inabaki yote kwenye ganda. Marekani ililigundua hilo mwishoni mwa miaka ya 1890 pale maganda yake ya kujazwa upya yalipoanza kupasuka ovyo.

Mwaka 1917 vita vilifika kwetu. Wabelgiji walishuka kutoka kaskazini wakavuka bonde, wakaingia Mahenge Oktoba 9. Kabla yao majeshi ya Kijerumani yalikuwa yameishi kwa chakula cha watu wa hapa, na mizigo ya pande zote, yakiwemo makasha ya risasi, ilibebwa vichwani na wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa maelfu. Kapteni Tafel akaondoka Mahenge na watu wake kwenda kusini kumtafuta Lettow-Vorbeck. Huyu naye, baada ya mapigano ya Mahiwa mwezi huohuo, alikuwa karibu amemaliza risasi zake zisizo na moshi. Novemba 25 alivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano, akapata bunduki na risasi kama robo milioni. Novemba 28 Tafel, bila chakula, akajisalimisha. Siku tatu tu zinatenganisha mambo hayo mawili.

Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha Novemba 25, 1918, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Bunduki 1,071 zilihesabiwa, zote za Kiingereza na za Kireno. Hapakuwa na hata moja ya kisasa ya Kijerumani. Alikuwa ameacha kuchagua bunduki. Alichagua risasi aliyoweza kuipata, yaani ya adui, kisha akabeba bunduki inayoilingana.

Nilimsimulia babu haya yote. Alisikiliza, akauliza swali moja: kwa nini ganda lake limepasuka ufa mwembamba shingoni wakati miaka yote halijapigwa? Swali zuri kuliko mengi ya semina. Jeshi la Waingereza kule India lilihangaika nalo: risasi zilizohifadhiwa jirani na mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka zenyewe ghalani. Mwaka 1921 watafiti wa Kiingereza walieleza kwamba amonia, ile harufu kali ya mkojo wa farasi, hupasua shaba ya manjano ambayo bado ina mkazo tangu ilipofinyangwa. Na tumbaku ina amonia. Ukiichanganya na magadi, kama afanyavyo babu, inafumka.

Nikamshauri ahamishie ugoro kwenye chupa ya plastiki. Akaziba ganda kwa gunzi lake, akalirudisha mfukoni, akaniuliza lini naoa.